Herufi za Gombe: Kwa Nini Fumbo Moja Huzaa Majibu Matano

Fumbo la aina hii halikosekani kwenye simu za watu: "Tafuta maneno ya Kiingereza yenye herufi G, O, M, B, E." Mwanafunzi wa kidato cha pili aliye Ujiji analijibu upesi. Mwenzake wa Mwanga anamwambia kakosea yote. Ndugu aliye Bujumbura anatuma orodha ndefu aliyoichota kwenye tovuti fulani, na mwingine anabandika jibu la akili mnemba ambalo ndani yake mna neno lisilopatikana katika kamusi yoyote. Baada ya hapo hakuna tena anayetafuta maneno. Kinachobaki ni ubishi wa nani anajua Kiingereza.

Ubishi huo umekaa upande. Wote wanne huenda wako sahihi, au wote wamekosea, na ujuzi wao wa Kiingereza hauna uzito mkubwa katika hilo. Mambo matatu hayakusemwa tangu mwanzo: kanuni ya fumbo, orodha ya maneno itakayoamua, na chombo kinachoruhusiwa kutumika. Hadi hayo yasemwe, ubishi hauwezi kwisha, hata angeitwa profesa.

Swali moja, maana tano

Chukua jina la Gombe, hifadhi iliyo ufukweni kaskazini mwa mji wa Kigoma, ambako Jane Goodall alifika Julai 1960 kuwachunguza sokwe. Lina herufi tano na hakuna inayojirudia, kwa hiyo linafaa kwa majaribio.

Kwa maana ya kwanza, neno linalotafutwa liwe na herufi zote tano, popote zilipo, hata zikichanganyika na nyingine. EMBARGO, yaani zuio la biashara, inakubalika. BECOMING nayo inakubalika, na hilo ni neno la kila siku. Kwa maana ya pili, herufi ziwe zimeshikana na kwa mpangilio uleule. Hapo EMBARGO inatupwa nje na kubaki neno kama GOMBEEN, la Kiingereza cha Ireland, lihusulo ukopeshaji wa riba za kunyonga. Maana ya tatu inadai herufi hizohizo tu, zikipangwa upya bila kuongeza wala kupunguza. Sasa GOMBEEN nayo inaanguka, na jibu ni EMBOG, kitenzi adimu cha kumkwamisha mtu topeni, ambacho Mwingereza wa kawaida anaweza kumaliza maisha yake bila kukitamka.

Maana ya nne inageuza jambo zima. Herufi tano ni mtaji, nawe unaunda maneno kutokana nazo bila kulazimika kuzitumia zote: BEG, MOB, GEM, EGO. Ya tano inafanana nayo, ila herufi moja yaweza kutumika zaidi ya mara moja, ndipo BOOM na EGG zinapopata kibali. Michezo mingi ya simu inafuata mojawapo ya hizi mbili za mwisho, huku tovuti za kutafutia maneno kwa kawaida zikiwa na visanduku tofauti kwa ajili ya zile tatu za kwanza. Mtu anayejaza kisanduku kisicho chake anapata majibu sahihi ya swali ambalo hakuulizwa.

Majina mengine ya mkoa wa Kigoma yanaonyesha jinsi maana ya kwanza ilivyo karimu. Herufi zote za KIGOMA zimo ndani ya HOMEMAKING, kazi ya kutunza nyumba, na pia ndani ya BOOKMAKING, biashara ya kuchezesha kamari. Za KIBONDO zimo ndani ya BOOKBINDER, fundi wa kujalidi vitabu. Za LIEMBA, jina la meli iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande kwa reli na kuanza kuitwa hivyo mwaka 1927, zimo zote ndani ya TIMETABLE, ratiba. Waliowahi kuisubiri meli hiyo bandarini watacheka wenyewe.

Ujiji ndiyo inayoleta kesi ngumu. Jina lina J mbili na I mbili. Je, neno linalotafutwa nalo liwe na J mbili? Anayesema ndiyo atapata JIUJITSU, mchezo wa mieleka wa Kijapani, na baada ya hapo atahangaika sana. Anayesema herufi inahesabiwa mara moja tu atatafuta neno lenye U, J na I, na JUICE itamtosha. Programu hazikubaliani katika hili. Baadhi huhesabu marudio, nyingine huyafuta kimyakimya. Sehemu kubwa ya orodha zinazopishana kwenye makundi ya WhatsApp hupishana hapahapa, na mara chache sana mtu huona kwamba chanzo ni marudio ya herufi.

Mzizi wa ugumu: alfabeti inasoma kutoka kushoto

Msomaji wa Kiswahili anaingia katika mchezo huu akiwa na mazoea yanayomsaidia kwingineko na kumponza hapa. Tahajia yetu ya Kilatini ilipangwa na watu wachache kwa muda mfupi. Edward Steere alitoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, ikasawazisha kilichobaki. Matokeo yake ni lugha ambayo kinachosikika ndicho kinachoandikwa. Q na X hazina kazi, C haitembei bila H, na neno karibu kila mara huishia kwa irabu. Kiha na Kirundi navyo hupenda silabi za kuishia kwa irabu, kwa hiyo mtoto wa Kasulu anayeanza na Kiha nyumbani na Kiswahili shuleni anazoea mdundo uleule mara mbili.

Tahajia ya Kiingereza haikupangwa hivyo. Ilijikusanya kwa karne nyingi, ikabeba herufi za matamshi yaliyokufa na za maneno ya kuazima. KNIFE ina K isiyosikika, WRITE ina W ya bure, PSYCHOLOGY inaanza na P ambayo hakuna anayeitamka. STRENGTH ina herufi nane na irabu moja. Akipewa S, T, R, N, G, T, H, aliyezoea Kiswahili ataona rundo la takataka, kwa sababu sikio lake linasubiri irabu.

Hapo ndipo kamusi ya karatasi inapoonyesha udhaifu wake. Robert Cawdrey alipochapisha mwaka 1604 kamusi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza, ilimbidi awaelekeze wasomaji kwamba wajifunze kwanza mpangilio wa alfabeti, maana wengi hawakuujua. Mpangilio huo ni hodari kwa kazi moja tu: kumfikisha kwenye neno mtu anayejua linavyoanza. Aliyesikia "naifu" na kufungua N hatalipata. Anayetaka neno lenye G katikati na O mwishoni itabidi afunue kitabu kizima.

Wenye kamusi walilijua tatizo hilo mapema. John Walker alitoa London mwaka 1775 kamusi iliyopanga maneno kwa herufi za mwisho, kwa faida ya watunzi wa mashairi na waliotaka kusoma tahajia. Ilisaidia mwisho wa neno na kuacha katikati gizani. Tatizo la katikati lilingoja kompyuta.

Orodha ipi ndiyo Kiingereza?

Tuseme kanuni imekubaliwa. Bado haijajulikana neno gani ni neno. Hili ndilo linalozua hasira nyingi, kwa sababu watu hudhani Kiingereza kina mlango mmoja na bawabu mmoja.

Hakina. Wachezaji wa Scrabble katika sehemu kubwa ya dunia hufuata orodha ya Collins yenye maneno takriban 280,000. Wa Marekani na Kanada wana orodha yao, yenye maneno zaidi ya 190,000. Wordle, mchezo uliotungwa na Josh Wardle na kununuliwa na gazeti la New York Times Januari 2022, huweka orodha mbili: fupi ya majibu na ndefu ya makisio yanayoruhusiwa. Kamusi kubwa ya Oxford ni bahari nyingine, kwa kuwa inatunza hata maneno yaliyokwisha kufa. Orodha ni kama nyavu za wavuvi wa dagaa: ukubwa wa tundu ndio unaoamua nini kitaingia mtumbwini. EMBOG imo katika orodha ya Collins. Katika kamusi ndogo ya mwanafunzi usiitafute.

Tahajia nayo inagawanyika. UVINZA, mji wa chumvi, herufi zake zimo zote ndani ya VULCANIZE, kuukaza mpira kwa salfa. Lakini shule zetu zilirithi Kiingereza cha Uingereza, na Waingereza wengi huandika VULCANISE. Z ikitoka, Uvinza imekwisha. Mwalimu akisema jibu ni kosa atakuwa anatetea tahajia anayoifundisha, na mwanafunzi akisema ni sahihi atakuwa na kamusi mkononi, pengine ya Oxford yenyewe, ambayo kwa mila yake hupendelea Z. Hakuna mwenye haki zaidi hapo mpaka aliyetunga fumbo aseme anafuata tahajia ipi.

Halafu kuna maneno yetu yaliyovuka mpaka. UGALI, MATATU, UHURU, MZEE na UJAMAA yote yamo katika orodha ya Collins, na yanakubali S ya wingi, hivyo UHURUS na MZEES ni halali mezani. Mkoa wa Kigoma, uliopitia operesheni ya kuhamishia watu vijijini mwaka 1972, una haki ya kushangaa kuiona UJAMAAS. Juni 2022 kamusi ya Oxford iliongeza kundi la maneno ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, yakiwemo "mwananchi" na "sambaza". Kwa hiyo anayemcheka mtoto aliyeandika UGALI kama neno la Kiingereza angefungua orodha kwanza.

Kigoma ina jambo lake jingine lisilopatikana Moshi wala Lindi: Kifaransa kiko ng'ambo ya maji na pia kiko nchi kavu. Kalemie, Uvira na Bujumbura zinasoma kwa Kifaransa. Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 wilayani Kasulu kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo na baadaye kupokea Warundi, imekuwa na shule zinazofuata mitaala ya nchi walizotoka. Kijana wa huko anapoingia kwenye fumbo la Kiingereza huja na silaha nzuri, kwa kuwa maneno ya kuishia TION yanaandikwa karibu sawa katika lugha zote mbili, lakini huja pia na hesabu tofauti. Katika Scrabble ya Kiingereza herufi za KIGOMA zingekuwa na pointi 13. Katika ya Kifaransa zingekuwa 17, kwa sababu K huko ina pointi 10 badala ya 5, ingawa M inashuka kutoka 3 hadi 2. Ni hesabu ya kujifurahisha tu, maana majina ya mahali hayaruhusiwi katika mchezo wowote kati ya hiyo.

Wanaotetea kichwa na kamusi

Walimu wengi wa Kiingereza wako upande huu. Hoja yao ni kwamba mwanafunzi akitafuta mwenyewe, anakutana na muundo wa lugha, na muundo ndio utakaombeba kidato cha kwanza, wakati karibu masomo yote yanapogeuka kuwa ya Kiingereza.

Wana hoja yenye nguvu, na KIGOMA inaithibitisha. Mbele ya herufi hizo sita, asiyejua atazungusha herufi mpaka kichwa kiume. Anayejua viambishi ataona I na G, atakumbuka kwamba Kiingereza hupenda kumalizia vitenzi kwa ING, ataongeza N, na mara moja MAKING itakuwa imesimama. Imebaki O. Neno gani fupi lenye O linaweza kutangulia MAKING? HOME. BOOK. Kazi imekwisha, na njiani amejifunza jinsi Kiingereza kinavyounganisha maneno mawili kuwa moja. Kwa KIBONDO ni vilevile: BIND inajitokeza, O mbili na K zinaita BOOK, na mkia wa ER unaleta mtenda kazi. Akiisha kupata neno, kamusi inampa maana na matumizi yake, vitu ambavyo orodha tupu haiwezi kumpa.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba inamfaa aliyekwisha kuwa nacho. Asiye na msamiati hana cha kukumbuka. Tena haina namna ya kuthibitisha kwamba umemaliza: unaweza kupata HOMEMAKING na usijue kama yapo maneno mengine 20. Kwa fumbo linaloshindanisha wingi wa maneno, kichwa kinashindwa mbio na mashine kabla ya kuanza.

Wanaotetea programu

Mashine hufanya kazi hii kwa njia rahisi ajabu. Kwa maana ya tatu, programu huchukua kila neno kwenye orodha na kupanga herufi zake kialfabeti: EMBOG inakuwa BEGMO. Ukiandika GOMBE, nayo inapangwa kuwa BEGMO. Mbili zikilingana, jibu limepatikana. Kwa maana ya kwanza, mashine huhesabu: je, neno lina angalau G moja, O moja, M moja, na kuendelea? Kwa maana ya pili hutafuta mfuatano wenyewe, kazi ambayo programu kama grep ziliweza tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Orodha nzima ya maneno 280,000 inapitiwa kufumba na kufumbua.

Faida yake ni ukamilifu. Mashine ya aina hii haisahau wala haibuni. Ikisema maneno ni 14, ni 14 kwa mujibu wa orodha iliyonayo. Na orodha yenyewe ni maandishi matupu yasiyozidi megabaiti chache, kwa hiyo inaweza kuhifadhiwa kwenye simu na kutumika bila mtandao. Hilo lina maana kubwa kwa vijiji vya mbali vya mwambao kama Kalya, na kwa yeyote ambaye bando lake linaisha tarehe kumi. Orodha ya Collins ina hakimiliki, lakini zipo za bure, mojawapo ikiitwa ENABLE, yenye maneno takriban 173,000.

Kasoro yake ni ukimya. Haikuambii neno lina maana gani, linatumika wapi, wala kama litamfanya mwalimu akuangalie vibaya. Tovuti nyingi pia hazitaji orodha zinayotumia, na nyingine zimechanganya orodha kadhaa pamoja na makosa ya uchapaji. Aliyepewa maneno 60 asiyojua hata moja amepata herufi tu.

Ushahidi mkali wa jambo hili ni Nigel Richards wa New Zealand. Mwaka 2015 alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa huko Ubelgiji ilhali hazungumzi Kifaransa. Alikariri kamusi ya mchezo huo kwa takriban wiki tisa. Mwaka 2024 akafanya hivyohivyo kwa Kihispania, huko Granada. Mtu anaweza kuwa bingwa wa herufi za lugha asiyoweza kuombea maji ya kunywa. Yeyote anayemwambia mzazi wa Ujiji kwamba mtoto atajua Kiingereza kwa kutafuta maneno kwenye programu aulizwe habari za Richards.

Akili mnemba: chombo kinachoaminiwa kuliko kinavyostahili

Hapa panahitaji maneno makali kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapokimbilia sasa. Unauliza kwa Kiswahili, unajibiwa kwa Kiswahili, na kila neno linakuja na maana yake. Kwa mwanafunzi asiye na kamusi nyumbani, huo ni msaada wa kweli. Ukishapata neno na kutaka kujua linatumikaje, chombo hiki hukufaa kuliko orodha tupu.

Lakini kwa kazi ya herufi kimeundwa vibaya. Programu za mazungumzo hazioni herufi mojamoja. Maandishi hukatwa kwanza vipande, na kila kipande hugeuzwa namba, hivyo neno lenye herufi tisa linaweza kuingia likiwa vipande viwili tu. Mwaka 2024 dunia nzima ilicheka programu hizo ziliposhindwa kuhesabu R zilizomo katika STRAWBERRY. Ziko tatu, zikajibu mbili. Tangu hapo zimeboreka, na baadhi sasa huandika programu ndogo ya kuhesabu badala ya kukisia. Hata hivyo zikikisia hazisemi kwamba zinakisia. Zinatoa neno lenye herufi nne kati ya tano kwa sauti ileile zinayotolea neno sahihi, na pengine zinaunda neno jipya linalopendeza masikioni.

Tofauti na programu ya kutafuta ni ya msingi. Programu ya kutafuta ikikosea, kosa liko kwenye orodha au kwenye kisanduku ulichojaza, na unaweza kulifuatilia hadi ulipate. Akili mnemba ikikosea, hakuna pa kulishika kosa. Dawa ni moja na haina gharama: hesabu herufi kwa kidole, kisha fungua kamusi. Asiyetaka kufanya hivyo asibandike jibu hilo kundini.

Wanaosema ni kupoteza muda

Kambi ya nne haishiriki kabisa. Wapo wanaosema kijana akisoma ukurasa mmoja wa kitabu kila siku atapata maneno mengi kuliko atakayoyapata kwenye mafumbo, tena yakiwa ndani ya sentensi. Wapo pia wanaouliza kwa nini tuhangaike na herufi za Kiingereza wakati Kiswahili chetu kina mafumbo, vitendawili na chemshabongo za magazetini.

Hoja ya kwanza ni ya kweli kwa sehemu kubwa. Fumbo la herufi hufundisha tahajia na muundo wa maneno. Halifundishi kuzungumza wala kuandika barua. Anayelitumia kama kitoweo atanufaika, anayelifanya ugali atashinda na njaa. Lakini kulidharau kabisa ni kusahau kwamba tahajia ndiyo inayowatesa wanafunzi wetu wengi, na kwamba mchezo huvuta watoto ambao kitabu hakiwavuti. Wellington Jighere wa Nigeria alipokuwa Mwafrika wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza, huko Perth mwaka 2015, alionyesha kwamba mchezo huu hauna wenyewe.

Hoja ya pili ni tamu, ila Kiswahili kina ugumu wake. Kitenzi kimoja, PIKA, kinazaa anapika, hawakupikiwa, tutakapowapikia, na mamia mengine. Kamusi zetu huorodhesha shina, hazina nafasi ya kila umbo. Je, TUTAKAPOWAPIKIA ni neno halali mezani? Katika orodha za Scrabble ya Kiingereza maumbo yenye S, ED na ING yote yamewekwa, kwa sababu ni machache. Tukifanya hivyo kwa Kiswahili, orodha itafumuka. Tukikataa maumbo yote, tutakuwa tumeutupa utamu wa lugha yenyewe. BAKITA na wataalamu wa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndio wenye uwezo wa kuamua na kutoa orodha ya bure kwa ajili ya michezo ya shule. Itafaa sana, ila haitaondoa haja ya mwanafunzi kujua tahajia ya Kiingereza.

Kila kazi na chombo chake

Hakuna kambi iliyoshinda kwa kila kazi. Kwa mwanafunzi anayejifunza, kichwa kitangulie, kamusi ifuate, na programu ije mwisho ili imwonyeshe alichokiacha. Mpangilio huo ukigeuzwa, programu inamnyang'anya kile alichokuja kujifunza. Kwa mchezaji wa mashindano mambo ni kinyume: yeye anahitaji orodha rasmi na programu inayohesabu, na maana ya neno kwake ni anasa. Kwa anayetaka kuelewa neno alilokwisha kulipata, akili mnemba ni msaidizi mzuri. Kwa anayetaka kulitafuta kwa herufi, ni chombo cha mwisho kuguswa.

Kwa shule za Kigoma ningeongeza jambo moja linalotokana na ujirani wetu. Darasa lenye Waha, Wabembe, watoto wa wafanyabiashara kutoka Kongo na wengine waliowahi kusoma Burundi lina tahajia tatu nne kichwani. Mwalimu anaweza kuuona huo kuwa mzigo, au akaruhusu wanaojua Kifaransa waonyeshe wenzao maneno yanayofanana na yanayodanganya. Njia ya pili inahitaji chaki tu.

Mwenye kuandaa shindano, basi, awe mwalimu au msimamizi wa kundi la simu, aandike mistari minne kabla ya kutaja herufi yoyote: je, herufi zote zitumike au baadhi, na mpangilio uhifadhiwe au la, herufi iliyorudiwa ihesabiwe mara ngapi, kamusi au orodha gani ndiyo mwamuzi, na kwa tahajia ipi, na kama simu zinaruhusiwa. Shindano ambalo halikutangaza hayo lisitoe zawadi, na anayelalamikia matokeo yake ana haki ya kudai lirudiwe.